Kitambaa Cheupe Jikoni kwa Mama

Chumba changu Dar es Salaam kinatazama Barabara ya Mandela, na malori ya bandarini hayalali. Pazia jeupe nikilifua Jumamosi, kufika Jumatano nikilipitishia kidole kinatoka cheusi. Wala si vumbi. Vumbi ukilikung'uta linatoka. Huu weusi ukiusugua ndiyo kwanza unapakaa. Ni masizi ya dizeli, kaboni ambayo injini imeshindwa kuiunguza ikaisha.

Kwa hiyo kila nikipanda kwenda kwa mama Lushoto nilijihesabia kwamba naenda kupumzisha mapafu. Julai moja baridi ikanifungia jikoni siku mbili, mafigani. Nikapenga kamasi: nyeusi tii.

Nikachana kitambaa kimoja cheupe vipande viwili. Kimoja nikakitundika jikoni siku tatu, kingine nikakitundika dirishani Mandela siku tatu vilevile niliporudi. Cha Mandela kiligeuka kijivu. Cha jikoni, ungedhani kimefutiwa matako ya sufuria. Si kipimo cha maabara, najua, ila mama alikitazama muda mrefu.

"Moshi huu ndio umetunza kenchi za baba yako, mchwa hawajagusa," akasema. "Na mbegu za mahindi je, nizitundike wapi?"

Swali la haki kabisa, na wahubiri wa majiko bora hawalijibu. Tulianzia hapo. Mbegu tukazikausha vizuri juani, tukazijaza kwenye madumu hadi mdomoni na kuyafunga yasipitishe hewa.

Kisha kuni. Mama alikuwa akichochea mbichi, na kuni mbichi moto wake unahangaika kukausha maji kwanza; hauwaki, unafuka tu, na kaboni isiyoungua inapanda juu vijichembe vijichembe. Vingi ni vidogo kuliko hata mikromita 2.5, sehemu ya 30 hivi ya unene wa unywele, kwa hiyo pua haivizuii. Tukazipasua nyembamba na kuzipanga chini ya upenu mpaka zikauke.

Jiko la udongo lenye bomba ndilo lililonitoa jasho. Bomba la kwanza fundi aliliishiza chini ya paa. Upepo wa jioni ukausukuma moshi wote ndani, mama akatoka anakohoa na kunicheka kwa pamoja. La pili tukalipandisha likapita kilele cha paa, na likavuta.

Nilimpelekea pia mtungi wa gesi wa kilo 6. Anachemshia chai tu; maharage anasema ya gesi hayana ladha, nami sibishani na aliyenilisha.

Kitambaa cha tatu kilitoka na rangi ya majivu, karibu sawa na kile cha Mandela. Bomba nalo linajaa masizi, kwa hiyo kila mwezi kijana wa jirani analikwangua. Kwangu Dar nimeweza machache kuliko hayo: asubuhi foleni ikiwa nzito nafunga dirisha la barabarani na kufungua la uani.