Picha za Dar, na mto uliopewa mgongo

Mvua ya masika imetufungia ndani tangu alfajiri, nami nimeshinda na simu nikitazama picha za Dar ya kale. Nyingi ni za Walther Dobbertin, Mjerumani aliyekuwa na duka la picha hapa mjini kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Alijua kazi, hilo simnyimi.

Napenda kukisia umri wa picha kabla sijasoma maelezo yake. Ukiuona mnara wa kanisa la Azania Front, picha si ya kabla ya 1898, maana ujenzi ndipo ulipoanza. Ukimwona yule askari wa shaba na bayoneti yake pale Samora, ni 1927 au baadaye. Mnara wa Saa ukiwapo, basi tumeshafika 1961, mwaka Dar ilipopewa hadhi ya jiji. Kabla ya askari huyo mji ulikuwa na sanamu ya Hermann von Wissmann, aliyekuwa gavana wa Wajerumani. Waingereza waliuteka mji Septemba 1916 wakaing'oa, ikaishia Hamburg, na huko wanafunzi wakaiangusha mwaka 1968. Hapo huwa nacheka peke yangu.

Mvua ilipopoa jioni, mjomba akapita, suruali kaikunja hadi magotini.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mjomba. Unatazama nini hicho?"

Nikampa simu. Akapitisha kidole polepole: Boma la Kale la Sultani Majid, Hospitali ya Ocean Road, bandari, barabara pana zenye miti pande zote mbili. Akarudi nyuma, akapitisha tena. Kisha akaniuliza, "Sasa mbona zote za Uzunguni? Sisi tuko wapi?"

Tulikuwapo, ila pembeni: mtu kabeba mzigo, mtu kashika kamba ya punda, jina hakuna. Mwaka 1924 Waingereza waliugawa mji kwa sheria za ujenzi: kanda ya Wazungu pwani, ya Wahindi katikati, ya Waafrika Kariakoo na kuendelea, na Mnazi Mmoja ukaachwa wazi kama ukuta usio na matofali. Mwenye kamera alikaa upande wake wa ukuta huo. Ndiyo maana huwa sishtuki mtu akiniambia Dar ya zamani ilikuwa safi na tulivu. Kwa picha hizi, atasema nini kingine?

Mjomba ni mtoto wa Magomeni, kwa hiyo yeye alikuwa anautafuta Msimbazi. Mto unatoka vilima vya Pugu, unapita Vingunguti, Kigogo na Jangwani, ndio uliowapa watu wa bondeni mboga na mchanga. Tukatafuta wee, hatukuupata. Ulipotokea ulikuwa mdomoni kabisa, unapokutana na bahari, tena kwa sababu ya daraja: Selander, la mwaka 1929, lenye jina la John Einar Selander, mkurugenzi wa kwanza wa kazi za umma wa Tanganyika. Ng'ambo ya daraja ndiko Oyster Bay, walikohamia wakubwa. Mto ulipata picha siku barabara yao ilipotaka kuuvuka. Mpaka leo ni hivyo hivyo. Daraja la Tanzanite, lililofunguliwa 2022, lina urefu wa kilomita moja na kidogo, na sidhani kama kuna bibi harusi wa Dar ambaye hajapigwa picha nalo. Lakini panda juu, uende Jangwani: kamera zinafika pale mafuriko yakija tu. Desemba 2011 zilijaa, maji yakiwa yamefika madirishani, baadaye familia zikahamishiwa Mabwepande.

Mafuriko yale yalipita pia nyumbani kwa shangazi, bondeni. Magodoro yalianikwa yakakauka. Albamu hazikukauka, picha ziliganda pamoja, ukibandua moja inaondoka na sura ya nyingine. Mjomba akawa ananitajia zilizokuwamo: kaka yake na baiskeli kwenye daraja la zamani la Jangwani, vijana wakicheza mpira, bibi yetu kavaa khanga jozi mbele ya pazia la studio lililochorwa ziwa na bata. Nilimwambia bata wale wamepata picha kabla ya Msimbazi. Hakucheka.

Imebaki albamu moja, anasema, iko kwenye sanduku la bati kwa mama mdogo, Ilala. Nataka nizipige picha zote kwa simu, na nyuma ya kila moja niandike kwa penseli nani ni nani, wakati wanaojua bado wapo. Nitakwenda na mjomba. Kanionya nisiende mikono mitupu: bila sukari kilo mbili, mama mdogo atasema ufunguo umepotea.