Moto usio na miali

Leo jioni nimepita njia ya Pangani hapa Tanga, kuna lundo la makumbi ya nazi, juu majivu matupu, ukiliona unasema limeshazima.

Mzee mmoja akanivuta mkono, "Mwanangu usikanyage hapo, chini kunawaka."

Akachomeka fimbo, ikatoka ncha nyeusi inafuka. Vijana wakamwaga ndoo ya maji, moshi ukatokea upande wa pili!

Hapo hapo nikawaza Indonesia jamani. Kule kuna udongo wa mboji, mimea iliyolundikana kwenye vinamasi maelfu ya miaka bila kuoza ikaisha, sasa watu wakachimba mifereji kutoa maji wapande michikichi, ukishika moto unatambaa chini kwa chini wiki hata miezi. 2015 moshi wake ulifika mpaka Singapore na Malaysia. Siberia kule Urusi ndo balaa, moto wa mboji unajificha chini ya theluji kipupwe chote halafu unaibuka tena.

Mboji ni kama asilimia 3 tu ya nchi kavu duniani lakini imebeba kaboni kuliko misitu yote ukiijumlisha. Ikiungua yote hiyo inapanda hewani, joto linazidi, joto lenyewe linakausha mboji nyingine.

Kinachoniuma, milimita moja tu ya mboji inachukua kama mwaka mzima kujijenga.

Na majirani zetu Kongo wanayo nyingi mno, bado imelowa, Mungu aijalie ibaki hivyo.

Kuna mtu humu kaishi Mbandaka, huko huko Kongo, au kule Indonesia? Hebu tuambieni hali ikoje.