Maji Kujaa, Simu Kujaa

Mwaka 2019, siku chache kabla ya bamvua, yale maji makuu ya mwezi, nahodha mmoja wa mtaa wa Langoni aliniita barazani kwake akanipa simu yake. "Mwanangu, simu hii yanambia nafasi hakuna. Nifute picha za wajukuu ndipo niyaone maji yako?" Maji yangu ilikuwa programu niliyowaandikia wavuvi wa Amu (Lamu) ili wazione saa za maji kujaa na kupwa, na hesabu zake zilifanywa na maktaba, yaani mkusanyo wa msimbo, ya lugha ya C++. Swali lile liliniuma, nikamwahidi kulishughulikia usiku huo huo.

Nilipolifungua faili la programu hiyo, la megabaiti 41, nilikuta 36 ni za maktaba hiyo peke yake. Ilikuwamo mara nne, nakala moja kwa kila aina ya prosesa, ubongo wa simu: ARM ya biti 32 na ya biti 64, pamoja na zile mbili za x86, ambazo sijapata kuziona katika simu ya mvuvi yeyote wa huku. Isitoshe, kila nakala ilibeba alama za kutafutia hitilafu, ambazo simu haina haja nazo hata kidogo. Kifaa cha kuziondoa kilikosekana kwenye kompyuta yangu, na onyo lililosema hivyo nilikuwa nikilipita kwa wiki kadhaa bila kulisoma. Nilizitoa alama hizo, nikazihifadhi kando kwa siku ambayo programu ingeanguka, na hapo ndipo faili lilipopungua zaidi.

Kisha niliiagiza kompaila, inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine, ipendelee udogo kuliko kasi, na iitenge kila fankisheni, yaani kipande cha msimbo chenye kazi yake, katika sehemu yake, ili linka, inayoviunganisha vipande hivyo, itupe zile zisizoitwa popote. Lakini linka haitupi kitu ambacho jina lake liko wazi kwa nje. Kwa hiyo niliyaficha majina yote, na programu ikaanguka mara ilipofunguliwa, kwa kuwa Java, lugha ya sehemu nyingine ya programu, huzitafuta fankisheni hizo kwa majina. Nikayafichua manne tu yaliyohitajika. Na kwa vile watu wetu hupeana programu simu kwa simu kwa Bluetooth, niliwatengenezea faili lenye nakala ya biti 32 pekee, ambayo simu zao za biti 64 nazo ziliweza kuiendesha.

Baada ya sala ya alfajiri nilimkuta nahodha gatini. Faili, ambalo sasa halikufika megabaiti 6, liliingia bila picha hata moja kufutwa. Akaisoma saa, akazitazama ngazi zilivyokuwa zikiachwa na maji, akasema, "Hapa sawa," kisha akaniomba nimrushie na mwanawe aliyekuwa akirudi Kizingitini.