Njia ya Bibi, kutoka Bombo hadi Arua

Basi la Arua hupakia abiria Kampala, na mtu mwenye haraka huenda kulipandia huko. Mama mdogo alikataa. "Mama hakuondokea Kampala," alisema. "Aliondokea Bombo. Na sisi tutaondokea Bombo." Basi alfajiri tukasimama kando ya barabara ya Gulu, karibu na kambi ya jeshi, tukiwa na mabegi na magunia ya mchele na sukari ya hitima, mpaka kondakta akatuona na dereva akafunga breki. Tulikuwa tunakwenda kwenye arobaini ya bibi yangu, mzaa mama, aliyefariki Arua akiwa amevuka miaka tisini.

Sisi ni Wanubi. Wazee wetu walikuwa askari wa Emin Pasha, gavana wa Misri katika nchi za Nile ya juu, na mwaka 1891 Lugard, kapteni Mwingereza, aliwakuta karibu na Ziwa Albert akawaingiza katika jeshi lake. Baadaye Bombo ikawa makao ya kikosi cha nne cha Keya, yaani King's African Rifles, jeshi la Waingereza Afrika Mashariki, na familia zikajenga kuzunguka kambi. Baba yake Bibi alivaa gwanda la Keya akapelekwa Burma katika vita vya pili vya dunia. Kiswahili cha nyumbani kwetu kilitoka huko kambini, kikakaa pamoja na Kinubi, na Bibi alikuwa akihama kutoka kimoja kwenda kingine katikati ya sentensi bila kusita.

Wobulenzi basi lilizungukwa na wauza mananasi, nasi tukanunua mawili kupitia dirishani. Baada ya Luweero barabara imenyooka, vichaka pande zote, na abiria wengi wakalala. Mama mdogo hakulala. Alianza kunihadithia kazi za mama yake kwa mpangilio wa siku: saa kumi usiku unga wa kisra, mkate wetu mwembamba, unakorogwa, jua likichomoza kisra imeshauzwa, kisha shamba, kisha mchana, wanawake wenzake wakipumzika, Bibi anakaa kwenye mkeka barazani na kutoa tabaga.

Tabaga ni kawa ya kufunikia chakula, pana kama ungo, yenye rangi kali zinazoonekana ukiwa bado mlangoni. Unaanza na kifundo cha nyasi katikati, unakizungushia chane ya jani iliyotiwa rangi, unatoboa kwa msharasi, unashona mzunguko mmoja juu ya ukingo wa uliotangulia, unakwenda hivyo hivyo kutoka kitovuni hadi nje. Ugumu wake uko kwenye hesabu. Kila mzunguko ni mrefu kuliko uliopita, kwa hiyo nyota ya pembe nane iliyoanza kwa mishono michache lazima iongezwe kwa kipimo, la sivyo pembe moja inanenepa na nyingine inakonda. Bibi hakusoma hata darasa moja. Hakuchora kitu mahali popote. Alikuwa akitazama kitovu kwa muda, midomo ikicheza bila sauti, halafu anaanza. Siku nyingi baadaye pembe zote nane zinafika ukingoni sawasawa. Mimi nimesoma hesabu mpaka chuo kikuu, na nasema kwa moyo wote kwamba ile ilikuwa akili kubwa.

Washonaji wengi wanafuata mapambo waliyorithi, na hakuna ubaya, maana mapambo hayo ni mazuri. Bibi aliyajua yote. Lakini alikuwa na yake pia, ambayo hayakutoka kwa mama yake wala kwa mtu mwingine, na mengi aliyapa majina ya mahali.

Tulipopita Kafu, penye harufu ya gonja, ndizi za kuchoma, na nyama, mama mdogo aliingia katika mwaka 1979. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili. Kwa watu wengi wa Uganda siku ile ilikuwa ya furaha, na walikuwa na sababu zao. Kwetu ilikuwa hatari, kwa sababu kila Mnubi alihesabiwa kuwa mtu wa Idi Amin, rais aliyepinduliwa, hata mama anayeuza kisra. Bibi aliingia kwenye lori usiku na watoto wake wanne. Mama mdogo alikuwa na miaka saba. Anakumbuka kwamba majirani walibeba masufuria, magodoro, redio. Mama yake alibeba mtoto mchanga mgongoni, na msharasi ameufunga kwenye pindo la gurbaba, nguo yake ya kujifunga.

"Msharasi tu?" nikamuuliza.

"Na chumvi."

Karuma unaijua kabla ya kuifika. Barabara inateremka, nyani wamekaa kandokando wakingoja cha kutupiwa, kisha daraja linatokea na chini yake Nile inapiga mawe, nyeupe tupu. Mama mdogo alinishika mkono. "Lori liliharibika hapa. Tukalala hapa, tunalia, njaa, mbu. Mama anatazama maji tu. Nilidhani amechanganyikiwa. Tulipofika Arua akatafuta chane na kuanza kushona, ndipo nikaelewa alikuwa anafanya nini."

Alichoshona ndicho tunachokiita Karuma hadi leo: tabaga isiyo na nyota wala duara la rangi moja, ila mistari ya nyeupe na ya udongo inayovunjika na kuungana tena, inayokwenda kwa kasi upande mmoja. Nimeiona tangu utoto nikidhani ni pambo tu. Siku hiyo, dirisha la basi likiwa wazi na ngurumo ya maji ikiingia, niliiona ile tabaga nzima mbele yangu. Mwanamke aliyepoteza nyumba wiki hiyohiyo, asiyejua watoto watakula nini kesho, alikuwa amekaa gizani anahesabu mishono ya maji.

Kutoka Karuma tukakata kushoto kuelekea Pakwach, mbuga ya Murchison ikiwa upande mmoja. Leo ni lami nzuri, na tuliwaona tembo wawili mbali kidogo. Katika miaka ya tisini waasi wa Kony walikuwa wakivizia magari kwenye kipande hiki, na mabasi yalikwenda kwa msafara yakilindwa na wanajeshi. Bibi alipita hapa miaka ile ile, na mafurushi ya tabaga za kuuza Bombo na Kampala. Watu wamejiinamia kwenye viti wakiomba dua, naye, asema mama mdogo, anaomba dua huku anashona, kwa sababu harusi ya mteja ilikuwa Jumamosi.

Pakwach tulishuka kunyoosha miguu. Wanawake walikuwa wakiuza samaki wakavu, angara, na sehemu nzima ilinuka moshi na mto. Ng'ambo ya daraja miti ya mivumo imesimama mirefu juu ya nyasi. Majani yake machanga yakichanwa na kukaushwa yanatoa chane, na huku ndiko Bibi alikoagizia zake alipohamia Arua. Alikuwa akizipima kwa kuzivuta kati ya vidole. Mzigo mmoja angekataa nusu, na muuzaji angekubali, maana alijua atarudi.

Arua tulifika wakati wa magharibi, tumechoka sana. Nyumba ya Bibi iko upande wa Oli. Alifika hapo kwa mzunguko mrefu: mwishoni mwa 1980 mapigano yaliingia Arua nako, na maelfu wakavuka mpaka kwenda Zaire, Kongo ya leo. Yeye akaishi na watoto huko Aru mpaka 1986. Aliporudi, nyumba ya Bombo ilikuwa na watu wengine. Hakugombana. Alinunua kiwanja Oli, na vyumba viwili vya kwanza vilijengwa kwa tabaga. Ada za shule za mama yangu na wadogo zake pia.

Siku ya hitima ndipo nilipoiona kazi yake ikiwa pamoja. Majirani walikuja na vyakula, na kila sinia lilifunikwa tabaga, na karibu zote zilikuwa zake. Baada ya dua mama mdogo alizipanga ukutani, akanionyesha moja moja. Hii imepauka, ni ya Bombo kabla ya vita. Ilivuka mpaka na shangazi mmoja aliyemfunikia mtoto. Hizi zenye ung'avu wa ajabu ni za Zaire. Kule hakukuwa na chane wala pesa ya rangi, kwa hiyo Bibi alifumua magunia ya chakula cha msaada, uzi mmoja mmoja, akashonea. Ukisogeza uso karibu unaona vidoa vya buluu vimetawanyika: ni maandishi ya gunia, herufi zilizokatikakatika. Yeye akavipanga vidoa vile vikawa duara. Wenyeji walizipenda, wakampa mihogo na mafuta ya mawese. Mama mdogo alikaa mbele ya moja ya hizo za Zaire muda mrefu. "Tulikula hii," akasema.

Kesho yake asubuhi akaja mama mmoja wa jirani, akasalimia kwa adabu, akakaa, akazunguka zunguka maneno. Bintiye anaolewa baada ya Ramadhani. Alikuwa ameagiza tabaga sita na kulipa nusu. Hakudai, alitaka tu tujue. Tulifungua sanduku la bati: nne zilikuwa tayari, zimefungwa kwenye shuka, na ya tano imefika katikati, msharasi bado umechomekwa.

Mama mdogo hakuniuliza wala hakumuuliza mtu. Aliichukua ile ya tano, akahesabu pembe kwa kidole, akarudia kuhesabu. "Mwambie binti zitakuwa sita," akamwambia yule mama. Kisha akanigeukia. "Nenda sokoni, mwanangu, kalete rangi. Nyekundu, njano, kijani."

Muuza rangi alikuwa mzee, vidole vyake vimekolea madoa. Nilipotaja kijani akanyoosha mkono kwenye kopo la mbele, kisha akanitazama na kuuliza ninanunulia nani. Nikamwambia. Akalirudisha kopo, akaenda nyuma ya meza, akafungua debe jingine.

"Yeye huchukua hii," akasema. "Ile ya mbele anasema inachuja."

Nikachukua hiyo, ya kutosha tabaga mbili na akiba.