Ave Verum ya Mozart Wakati wa Komunio

Tumsifu Yesu Kristo, ndugu wanakwaya.

Sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo inakaribia, na ni siku ambayo kwaya zetu hupenda kumtolea Mungu kazi kubwa ya muziki. Ni hamu njema. Zaburi ya 33 inasema, "Pigeni kwa ustadi," na ustadi huo ni pamoja na kujua kila wimbo una nafasi gani katika Misa. Haleluya ya Handel ni mfano. Inachukua kama dakika nne. Ikiwekwa kwenye Shangilio kabla ya Injili, shemasi amekwishafika kwenye mimbari na Injili mkononi, naye anasubiri kwaya imalize. Hapo ibada imekuwa mtumishi wa wimbo. Haleluya hiyohiyo ikiimbwa mwishoni mwa Misa ya Pasaka, watu wakitoka, haimsubirishi mtu.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya mwaka 1963 kuhusu Liturujia, uliagiza hazina ya muziki mtakatifu itunzwe na kwaya ziendelezwe, lakini waamini wasinyimwe sehemu yao. Agizo la mwaka 1967 kuhusu muziki mtakatifu likaongeza kwamba si vema kwaya peke yake ichukue nyimbo zote za Misa na watu wabaki watazamaji. Kwa hiyo "Mtakatifu" tuwaachie watu waimbe pamoja na padri, hata kama kwaya inao wa Haydn mzuri sana.

Kwa sikukuu hii tunapendekeza Ave Verum Corpus ya Mozart. Aliitunga Juni 1791 mjini Baden, karibu na Vienna, kwa ajili ya Anton Stoll, mwalimu wa kwaya ya kanisa la pale, na sikukuu yenyewe ndiyo hii. Desemba 5 mwaka huohuo Mozart alifariki. Tangu mwanzo basi ni wimbo wa kwaya ya kanisa la mji mdogo, na hakuna sababu kwaya ya Buhongwa au Sengerema iuogope. Una vipimo 46 tu, kila kimoja cha mapigo manne. Maneno yake yanausalimu Mwili wa kweli uliozaliwa na Bikira Maria, ukateswa, ukatolewa sadaka msalabani, na ubavu wake ukatoka maji na damu, kama anavyoshuhudia Yohane (19:34). Mwishoni yanaomba tuuonje Mwili huo kabla ya jaribu la kifo. Ni ombi la mtu anayetaka Komunio yake ya mwisho. Wanakwaya wasomewe maana hiyo kabla hawajashika noti hata moja.

Katika solfa, Do ni D. Soprano wanaanza kwa so, na kwenye "ave" ya pili wanashuka nusu nusu: so, fe (noti iliyo katikati ya so na fa), fa. Hapa ndipo kwaya nyingi huharibikiwa. Fe ikishushwa mno, fa inaifuata chini zaidi, na kuanzia hapo kwaya nzima iko chini ya kinanda hadi mwisho. Waimbe so-fe-so-fe-fa polepole bila kinanda, mara nyingi, ndipo mpiga kinanda awapime. Mahali pa pili pagumu ni "cujus latus perforatum", ambapo wimbo unaelekea F na Do inahama. Fundisha daraja hilo peke yake, kila sauti kwa zamu, kabla ya kuunganisha. Mahali pa tatu ni "esto nobis": wanawake wanatangulia, wanaume wanafuata kipimo kimoja baadaye. Teno na besi wakiwasikiliza wanawake badala ya kuhesabu mapigo yao manne, wataingia mapema.

Mwendo ni wa taratibu, lakini usikokotwe. Pigo moja kwa sekunde ni mwendo mzuri: mapigo manne mara 46 ni sekunde 184, dakika tatu na kidogo. Ukienda polepole kuliko hapo, pumzi zinakatika katikati ya maneno na sauti zinashuka. Mozart aliandika agizo moja tu la ukubwa wa sauti, pale mwanzoni, kwamba sauti iwe ya chini. Kwaya iliyozoea kushindana na spika itahitaji mazoezi ya kutosha kwa jambo hilo peke yake. Tunashukuru kwamba Juni mvua zimekatika huku ziwani, maana mvua juu ya bati ingeumeza wimbo wote.

Kilatini hakitusumbui sana, kwa kuwa irabu zake zinakaribia zetu. "Cujus" tamka kuyus, "cruce" kruche, "homine" omine. Tatizo letu ni kuongeza irabu mwishoni: "korpusi", "natumi". Funga midomo kwenye m, wote kwa pamoja, mkono wa mwalimu unapofunga.

Mpiga kinanda achague sauti ya ogani au ya nyuzi, azime midundo, na kabla ya kuanza ahakikishe ametoa transpozi (kitufe cha kupandisha au kushusha sauti ya kinanda) aliyoiweka kwa wimbo uliopita. Transpozi iliyosahaulika imevuruga Misa nyingi. Umeme nao unaweza kukatika, kwa hiyo fanyeni mazoezi nusu ya muda bila kinanda. Kile chuma cha meno mawili cha kutolea sauti hutoa A, nayo ndiyo so ya D, noti ya kwanza ya soprano.

Sasa nafasi yake. Komunio ikianza, imbeni wimbo wa Kiswahili ambao watu wote wanaujua, wauimbe wakiwa kwenye mstari. Ave Verum iingie watu wakiwa wameanza kupiga magoti na kushukuru. Wimbo ukiisha, mwalimu asigeuke kuwatazama watu, na kusiwe na makofi.

Jambo la mwisho ndilo tunaloliona zito kuliko yote. Mara nyingi kwaya huimba kuhusu Mwili wa Bwana nusu saa nzima, kisha baadhi ya waimbaji wanaondoka bila kuupokea kwa sababu ratiba haikuwapa nafasi. Zungumzeni na paroko mapema, wanakwaya walio tayari wapokee mwanzoni kabisa, na mmoja wenu apewe kazi ya kumwita mhudumu wa Komunio afike hadi kwenye kinanda, maana mpiga kinanda ndiye husahaulika.