Jinsi nilivyoitoa Scania ya mjomba kwenye pinki

Mjomba aliponikabidhi funguo za Scania yake, 113 ya zamani, alisema tu, "Injini haina neno. Hiyo sura utajua mwenyewe." Lori lilikuwa limelala nyuma ya nyumba yake Kibaha misimu minne ya mvua, kichwa kikitazama magharibi, jua la kila alasiri likikipiga usoni. Nilifunga betri mbili mpya, likakohoa kidogo, likawaka. Sura sasa! Nyekundu niliyoikumbuka tangu nikiwa shule ya msingi, iliyokuwa inawaka kama pilipili, ilikuwa imegeuka pinki ya fizi. Ukipitisha kidole mlangoni kinatoka chekundu, kama umeshika chaki. Watoto wa jirani walishaandika majina yao ubavuni bila kalamu.

Nisingejali sana, ila mwenye mzigo huangalia kichwa kabla hajauliza bei. Dalali wa kwanza niliyempelekea alilizunguka mara moja akasema, "Dogo, hili si la mzigo, hili ni la chuma chakavu." Nikaulizia kupiga rangi upya kabini nzima. Bei niliyotajiwa ingeninunulia matairi ya ekseli ya nyuma, na matairi ndiyo yaliyokuwa yananinyima usingizi. Basi nikasema nitaling'arisha.

Nikaenda Gerezani, Kariakoo, nikasimama mbele ya rafu nikamwambia muuzaji, "Nipe ya kung'arisha gari." Ukiuliza swali la kijinga hivyo unauziwa chochote. Nilipewa chupa ya kupulizia, nikapulizia, nikafuta, na kweli lori likang'aa. Nililipiga hadi picha. Siku ya tatu, nimetoka Chalinze kuelekea Morogoro, vumbi lilikuwa limeganda kwenye yale mafuta, kabini inafanana na andazi lililoviringishwa kwenye sukari. Madhara makubwa zaidi niliyaona baadaye, nitayasema.

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja fundi rangi, ana gereji ya mabati chini ya mwembe. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku macho yakiwa mlangoni kwangu. Akapitisha kidole, akakinusa.

"Umepaka nini hapa, mwanangu?"

Nikamwonyesha chupa. Akaguna. Akachana kipande cha fulana nyeupe, akaweka tone la polishi, akasugua mlango wa kulia mizunguko kumi hivi. Kitambaa kikawa chekundu kama kimepangusa damu ya kuku. "Hii haina klia." Akahamia mlango wa kushoto, akafanya vilevile. Kitambaa kikatoka na uchafu wa kijivu, wekundu hakuna. "Huu una klia. Ulipigwa rangi upya." Kweli, mjomba aliwahi kukwaruzwa na basi upande huo. "Una magari mawili hapa," mzee akasema, "na wewe umeyanunulia dawa moja, tena si dawa."

Kwa asiyejua: klia ni ile vanishi isiyo na rangi inayopigwa juu ya rangi yenyewe. Magari mengi ya kisasa yanayo. Malori ya zamani, hasa yenye rangi kavu isiyo na chembe za kumetameta, mara nyingi yana rangi na mng'ao katika tabaka hilohilo moja. Jua linapolila tabaka hilo linavunja gundi iliyoshika unga wa rangi, na unga unabaki juu wenyewe. Ndiyo chaki niliyokuwa naishika. Habari njema ni kwamba chini ya chaki rangi bado ipo hai. Klia ikifa ni habari nyingine: inabanduka magamba kama ngozi iliyoungua, na hapo hakuna polishi itakayokusaidia, ni kurudi kwenye msasa na bunduki ya rangi. Mlango wangu wa kushoto haukuwa umefika huko, ulikuwa umefubaa na kujaa mikwaruzo midogomidogo.

Halafu mzee akanitenganishia vitu vitatu ambavyo mimi nilidhani ni majina matatu ya kitu kimoja. Kompaundi ina chembechembe zinazokwangua. Ichukulie kama msasa uliowekwa kwenye kopo. Polishi nayo inakwangua, ila kwa chembe laini zaidi, inafuta alama za kompaundi na kuleta mng'ao. Nta haikwangui kitu. Kazi yake ni kukaa juu na kuzuia maji, chumvi na uchafu visiguse rangi. Kumbe mng'ao unatoka kwenye usawa wa rangi, nta inaulinda tu na kuuongezea kidogo. Ukipaka nta juu ya chaki umempaka maiti manukato. Kuna na chupa zinazochanganya polishi na nta pamoja. Kwa dereva asiye na muda zinafaa mara moja moja, lakini zina chembe ndani yake. Ukizitumia kila Jumapili unaila rangi kidogo kidogo bila kujua.

Na rangi yenyewe si nyingi. Kutoka kwenye bati hadi juu kabisa huwa kama maikroni 100 hadi 150 (maikroni elfu moja ndiyo milimita moja), na klia peke yake 40 au 50. Unywele wa kawaida ni mnene kuliko klia. Nilipoambiwa hivyo niliacha kusugua kwa hasira.

Tulianza kwa kuosha, na hapo tu nilitumia sabuni ya vyombo, kwa makusudi, ili iondoe ule uchafu wa chupa ya Gerezani. Lami iliyoganda kwenye madigadi niliitoa kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, kisha nikasuuza palepale. Mlango wa klia niliupitishia udongo laini wa kusafishia rangi, ule unaofinyangwa kama wa kuchezea watoto, juu ya maji ya sabuni. Ulitoa punje ambazo jicho halikuziona ila kiganja kilizisikia. Kwenye upande wa chaki sikuhangaika na udongo. Ungejaa wekundu tu.

Kisha kipande cha majaribio. Nilibandika utepe wa karatasi nikapata mraba wa shubiri moja chini ya dirisha la kulia. "Anza na laini, ikishindwa panda," mzee alisema. Polishi laini ilitoa mng'ao hafifu. Kompaundi ya kati ndiyo iliyonifanya nicheke peke yangu: nilipofuta, pale katikati ya pinki palikuwa na dirisha dogo la wekundu uleule wa utotoni. Kompaundi kali ya kopo kubwa, ambayo ningeinunua kwanza kwa sababu ndiyo ya bei rahisi, haikuhitajika kabisa, na nikaiacha dukani.

Kwenye rangi ya tabaka moja, tatizo ni kitambaa. Chaki inakijaza haraka, na ukiendelea nacho unarudisha maiti kaburini na kumfukua tena. Nilimaliza fulana sita. Mashine tuliazima mbili: ya kuzunguka moja kwa moja yenye manyoya, na ile inayozunguka huku inatikisika, yenye sponji. Ya kwanza ina nguvu, na nguvu zake zilituponza. Kijana wangu, utingo, aliipeleka kwenye ukingo wa mlango, pale bati linapokunja, akaiachia sekunde mbili zaidi. Nikasikia, "Bosi, njoo uone." Rangi ya chini ya kijivu ilikuwa imetokeza, ukubwa wa sarafu. Kingoni rangi huwa nyembamba na joto linakusanyika. Ilitakiwa tubandike utepe kabla, na aliyepaswa kumwambia ni mimi. Pakapigwa kwa brashi ndogo, ukisogea karibu unapaona. Upande wa klia tulitumia ile inayotikisika pekee, kwa sababu ile ya manyoya huacha alama za mviringo kama utando wa buibui, na juani zinaonekana zote.

Kabini ilichukua siku mbili. Paa nililiacha. Nani atapanda kulitazama?

Sasa lile la chupa ya Gerezani. Bampa lilikuwa limepasuka, mzee akaliziba na kulipiga rangi. Ilipokaa tu, vikatokea vishimo vya mviringo kila mahali, mafundi wanaviita macho ya samaki. Silikoni, ndiyo yale mafuta ya chupa ile. Mabaki yake yalikuwa yamejificha kwenye nyufa za bampa, na rangi mbichi inaikimbia silikoni kama maji yanavyokimbia mafuta. Ilibidi kukwangua na kurudia. Tangu siku ile nikishika chupa naisoma nyuma kabla ya mbele. Ikiandikwa kwamba ni salama kwa gereji za rangi, kwa kawaida maana yake haina silikoni. Lori halimalizi mwaka bila kuguswa na fundi rangi, hivyo kwangu hilo si jambo dogo.

Kuchagua nta ndiko kulikonichukua muda kuliko yote, na ndiko wengi mnakoniuliza. Nta ya karnauba hutoka kwenye majani ya mti wa jamii ya mitende unaoota kaskazini mashariki mwa Brazil. Juu ya nyekundu inapendeza sana, inaipa rangi kina, kama imelowa. Lakini haidumu. Ya pili ni ile ya kutengenezwa viwandani, ya polima, ambayo mng'ao wake ni mkavu kidogo, wa kioo zaidi kuliko wa asali. Ya tatu ni seramiki, dawa inayoganda kuwa tabaka gumu juu ya rangi. Hiyo niliipita haraka, kwa sababu inataka rangi iwe safi kabisa kabla ya kuifungia chini yake, na rangi yangu ina makovu ya umri ambayo sitaki kuyafungia.

Nilitaka kuona kwa macho yangu. Kwanza nikafanya kosa: karnauba mlango wa kulia, polima mlango wa kushoto. Kijana ndiye aliyeniuliza, "Lakini bosi, si milango yenyewe ni rangi mbili tofauti?" Nikaosha nikaanza upya, mlango wa kulia pekee, utepe katikati, huku hii na kule ile. Tukaenda Tunduma, mpakani na Zambia, na kurudi. Ni zaidi ya kilomita 900 kwenda tu, na njia ile haina huruma: chumvi na joto la Dar, wadudu wa Mikumi wanaojipasua kwenye kioo usiku, moshi wa malori yanayopanda Kitonga, ukungu wa Makambako. Kila tukirudi nilimwagia maji mlango. Wiki ya kwanza pande zote mbili maji yalisimama matone. Kufikia wiki ya sita, upande wa karnauba maji yalilala bapa kama kwenye sahani, na upande wa polima bado yalikuwa yanakimbia kwa matone. Basi uso wote sasa ni polima, naipaka upya kila baada ya miezi mitatu hivi. Kopo la karnauba bado ninalo, linatoka siku ya Idd au nikiitwa kubeba vyombo vya harusi.

Namna ya kupaka: mara ya kwanza nilipaka saa saba mchana, bati limeiva. Nta ilikauka kabla sijarudisha mkono, nikaing'oa kwa jasho kama ukoko wa wali. Siku hizi ni saa kumi na mbili asubuhi, kivulini, na kabla ya kuanza naweka mgongo wa mkono kwenye bati, likinichoma, nasubiri. Napaka nyembamba sana. Ukiipaka nene unaongeza kazi ya kufuta tu, haiongezi ulinzi. Na plastiki nyeusi zifunikwe kwanza, la sivyo nta inaacha weupe kwenye mashimo yake, ukae na mswaki wa zamani nusu siku kama mimi.

Vita iliyobaki ni ya kuoshea. Kwenye maegesho ya njiani kila mtu ana sabuni ya unga na brashi ngumu. Sabuni ile inachukua nta yote kwa kuosha mara chache, na brashi ni mikwaruzo. Na wakimaliza wanataka kupitisha kitambaa chenye dizeli "ili ling'ae". Dizeli inang'aa, ndiyo, kisha inakusanya vumbi na kulainisha nta. Kijana wangu sasa anabeba ndoo mbili, moja ya shampuu ya magari, moja ya kusuuzia kitambaa mchanga usirudi kwenye rangi. Wenzake walimcheka pale Tunduma, tulipokaa foleni siku nne. Kinyesi cha ndege kwenye foleni ile ni adui mwingine, kikikauka juani kinachora ramani kwenye rangi. Kitambaa chenye maji, palepale, bila kusugua.

Mjomba alikuja mwezi uliopita. Alishuka kwenye bodaboda, akalisimamia lori kwa mbali akiwa ameweka mikono nyuma. Akasogea, akapitisha kidole mlangoni, taratibu, toka kitasani hadi kwenye bawaba. Akakitazama. Kisafi. Hakusema kitu. Akakamata chuma cha mlangoni, akapanda ngazi ya juu kwa wepesi ambao sikuutarajia kwa umri wake, akanyoosha mkono hadi kwenye paa.

Aliposhuka aliniwekea kidole mbele ya macho. Kilikuwa pinki.