Bei ya barafu

Samaki hapandi daraja kiwandani. Anavyoingia ndivyo alivyo, na kazi ya kiwanda ni kuzuia asishuke zaidi. Nataka kuanza na hilo kwa sababu miradi mingi ya kutusaidia kufikia viwango vya soko la nje, niliyoishuhudia hapa Kanda ya Ziwa, imeanzia kiwandani na kuishia maabara. Wataalamu wanakuja, wanafundisha, wanaacha vifaa vizuri na makabrasha mazito. Sipingi hata kimoja. Lakini sangara anayekwenda Ulaya anakuwa ameshaamuliwa hatima yake saa nyingi kabla hajafika kwenye geti la kiwanda, na aliyeamua ni mvuvi ambaye hajawahi kuitwa kwenye semina.

Nimekaa kwenye kazi hii tangu nikiwa msichana. Nilianza meza ya kukata minofu mwishoni mwa miaka ya 1990, baadaye nikasoma chuo cha uvuvi Nyegezi, hapa Mwanza, nikarudi kiwandani kama mkaguzi wa ubora. Sasa nazunguka mialo, yaani fukwe wanaposhushwa samaki, ya upande wa Sengerema na Ukerewe, nikifundisha vikundi vya BMU, vile vya wavuvi vinavyosimamia mwalo, namna ya kumtunza samaki. Ninayoyaandika hapa ni ya kazini.

Niwaeleze mapokezi ya kiwandani yalivyo, kwa wale ambao hawajawahi kusimama pale. Gari linarudi kinyumenyume hadi mlangoni, samaki wanashushwa kwenye kreti. Unamshika mmoja, unafunua shavu. Likiwa jekundu la damu mbichi, endelea. Likiwa la kahawia, na ute umeanza kuwa mzito, tayari una wasiwasi. Unatazama jicho kama limejaa au limezama. Unabonyeza nyama ya mgongoni kwa kidole gumba: ikirudi juu upesi, sawa, shimo likibaki, huyo amechelewa. Kisha unachoma kipimajoto cha sindano hadi katikati ya nyama, karibu na mfupa, unasubiri namba itulie. Sheria inataka samaki mbichi akae kwenye joto linalokaribia la barafu inayoyeyuka. Nimesoma nyuzi 2 kwenye kreti moja na nyuzi 17 kwenye kreti ya jirani yake, samaki wa mwalo mmoja, gari moja. Huyo wa nyuzi 17 juu yake kumetandazwa barafu nzuri kabisa, imewekwa njiani. Ngozi baridi, moyo wa nyama moto.

Hesabu yake si ngumu. Maji ya juu ya ziwa letu la Viktoria yanazunguka nyuzi 25, na samaki anatoka majini akiwa na joto hilohilo. Makila, nyavu za kunasia sangara, yanatupwa jioni, yanavutwa alfajiri. Sangara aliyenasa saa tatu usiku na kufa mapema amelala kwenye maji ya uvuguvugu hadi kunakucha. Halafu anatupwa sakafuni mwa mtumbwi, juani, anakanyagwa, anafika mwaloni saa nne asubuhi, anasubiri mizani, anasubiri boti ya wakala. Kwa joto letu ushauri wa kitaalamu ni kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya samaki, na iwekwe pale anapotolewa majini, tumboni na mashavuni, si juu juu. Sasa jiulize mtumbwi wa mbao wenye wavuvi wanne, nyavu na injini ndogo utabeba wapi barafu ya uzito huo, na itadumu vipi bila kasha lenye kuta za kuzuia joto.

Vijana wengi kazini hawakuwepo, kwa hiyo niyarudie ya zamani kidogo. Utaratibu wa Ulaya wa mwaka 1991, ule wa agizo namba 91/493, ulisema nchi ikitaka kuwauzia samaki lazima iwe na mamlaka ya serikali inayoaminika kukagua, viwanda vyenye mfumo wa HACCP, yaani wa kutambua hatari na kuidhibiti katika kila hatua, na kila kiwanda kiwe na namba yake kwenye orodha. Mamlaka ikishindwa, viwanda vyote vinaanguka pamoja, hata kile kilichokuwa safi. Kwanza Hispania na Italia zilikuta salmonella kwenye minofu. Kisha Desemba 1997, kwa sababu ya kipindupindu, samaki mbichi wa Tanzania, Kenya, Uganda na Msumbiji wakazuiwa kuingia Ulaya nzima. Zuio hilo likaondolewa katikati ya 1998. Mwaka 1999 likaja kubwa zaidi: upande wa Uganda kulikuwa na watu waliovua kwa kumwaga sumu za mashambani majini, na kwa kuwa ziwa ni moja, nchi zote tatu zinazolizunguka tukafungiwa. Tanzania ilifunguliwa mapema 2000, Uganda katikati ya mwaka, Kenya mwishoni.

Mimi nilikuwa mezani wakati ule. Tulirudishwa nyumbani sisi wa kulipwa kwa siku, bila lawama ya mtu, kwa sababu hakukuwa na kitu cha kukata. Mialoni bei iliporomoka, na kuna wavuvi waliouza injini zao. Ndipo wengi wetu tulipoelewa kwamba jambo linaloitwa kiwango linaweza kuzima jiko la mtu wa Ghana, kile kisiwa chetu cha Ukerewe, ambaye hajawahi kuliona soko la Madrid.

Msaada uliokuja baada ya hapo ulikuwa wa kweli, na nausema kwa shukrani. Wakaguzi wa serikali walifundishwa. Viwanda vilibomoa kuta na kujenga upya ili samaki mchafu asikutane njiani na mnofu safi. Tukajifunza kutafuta mahali ambapo hatari inaweza kudhibitiwa na kuandika kila kipimo, badala ya kungoja mzigo wa mwisho ndipo upimwe. Maabara ya taifa ya ubora wa samaki ikaimarishwa pale Nyegezi. Maabara inayotambuliwa kwa ISO 17025, kiwango cha kimataifa cha maabara za vipimo, ni jambo kubwa kuliko watu wanavyodhani: nchi isiyo nayo inapeleka sampuli ng'ambo, inalipa kwa fedha za kigeni, na mnofu mbichi hausubiri majibu ya wiki mbili.

Kuna msaada mwingine ambao bado tunaupata kidogo, wa kutuwezesha kubishana. Mkataba wa Shirika la Biashara Duniani kuhusu afya ya binadamu, wanyama na mimea ulianza 1995, siku ileile Tanzania ilipokuwa mwanachama. Unasema nchi ikiweka masharti ya usalama wa chakula lazima yatokane na sayansi, na kifungu cha 9 kinazitaka nchi wanachama zikubali kuwezesha nchi zinazoendelea kwa msaada wa kitaalamu. Kwenye lile zuio la kipindupindu, Shirika la Afya Duniani lilisema wazi kwamba hatari ya ugonjwa huo kusafiri kwa chakula cha biashara ni ndogo. Mnofu unapikwa, na kimelea cha kipindupindu hakivumilii jiko. Sisi tulikuwa upande wenye hoja, lakini hoja bila takwimu zako mwenyewe, zilizopimwa kwenye maabara inayotambulika, haifiki mbali. Mtaalamu mmoja kijana anayejua kusoma mkataba huo na kuandika pingamizi lenye vipimo anaweza kuokoa fedha nyingi kuliko mwalo mpya. Ningependa kuona wasichana na vijana wa vyuo vyetu wakifundishwa kazi hiyo kwa makusudi.

Ila narudi mwaloni.

Kuna mzee mmoja mwenye mitumbwi yake mitatu, mtu wa heshima, mtaratibu sana wa kusema. Nilimkuta asubuhi moja samaki wake wamelala chini ya turubai. Nikamwamkia, nikamuuliza, "Mzee, leo barafu hatukuchukua?"

"Mwanangu," akaniambia, "wewe umesoma. Nikinunua barafu, nikabeba barafu badala ya nyavu mbili, nikafika hapa, wakala ananipa bei gani?"

Nikamwambia bei ya siku.

"Na yule pale ambaye hana barafu?"

Bei ya siku.

Hakuongeza neno, na mimi sikuwa na la kumjibu. Kwenye mialo niliyoizoea samaki anauzwa kwa kilo na kwa ukubwa: chini ya sentimita 50 ni kosa kisheria, wale wakubwa wana bei yao, na mabondo, vile vibofu vya hewa vya sangara, yana bei yake ya peke yake ambayo siku hizi inamtia mtu wazimu. Ubaridi hauna bei. Wakala anakusanya kwa mitumbwi mingi na kuchanganya, maana naye kiwandani analipwa kwa jumla. Mzigo ukikataliwa getini, hasara inashuka kwa wakala, wakala anaikata kwa mvuvi wiki ijayo, bila kujali nani alileta samaki gani. Katika mpangilio huo mwenye barafu anamlipia asiye nayo. Mafunzo yangu yote, na mabango yote yenye picha za samaki safi na mchafu, hayawezi kushinda hesabu ya mzee yule. Yeye hahitaji kuelimishwa zaidi. Anaelewa kuliko mpango tuliomletea.

Na samaki anayekataliwa haendi kuzikwa. Huwa nakasirika nikifika hapa. Anakwenda sokoni kwetu. Mwingine anapasuliwa, anatiwa chumvi, anaanikwa kuwa kayabo na kuvuka hadi Kongo, na kayabo iliyotengenezwa vizuri ni chakula kizuri kabisa, ina watu wake wanaoipenda. Lakini mwingine anakaangwa tu jioni ileile na kuuzwa kwa mama mwenye watoto watano. Kipimajoto kilichomkataa kwa ajili ya mlaji wa Ulaya hakina cha kusema kwa ajili ya mlaji wa Kirumba, hapa Mwanza. Msaada wa viwango ukihesabu tu makontena yaliyopokelewa ng'ambo, mama huyo haonekani popote kwenye ripoti. Barafu ikianzia mtumbwini, samaki wote wanapoa kabla haijajulikana nani anakwenda wapi. Ndiyo maana naipigania sana kuliko kitu kingine chochote kwenye kazi hii.

Mialo michache ilijengewa mashine za barafu. Nimeona mmoja ambao mashine ililetwa kabla ya umeme wa uhakika. Ilifanya kazi kwa jenereta mpaka bei ya dizeli ilipoishinda kamati, halafu kipuri kikahitajika, na fundi wa mashine hiyo hakuwepo kanda nzima. Sakafu ya saruji, uzio na vyoo vimebaki na vinatumika. Barafu inatoka mjini kwa gari, inafika imepungua. Ningekuwa na sauti kwa wanaopanga fedha hizo, ningewaomba walipie mambo yasiyopendeza kwenye picha: makasha ya kuhifadhi baridi yanayoingia kwenye mtumbwi wa futi zetu, fundi wa majokofu afundishwe na akae kisiwani, na mtaji wa mzunguko wa kununua barafu ambao BMU inausimamia yenyewe. Na kabla ya yote, kitu kisicho na gharama ya ujenzi: makubaliano ya bei kati ya kiwanda, wakala na mvuvi.

Hilo la mwisho tumelianza mahali pamoja, na nitasema lilipofikia bila kulipamba. Wakala mmoja, kijana msikivu, amekubali kununua kwa kipimajoto. Samaki akisoma nyuzi 5 kushuka chini mbele ya mwenye samaki, kilo inaongezewa bei. Kreti inafungwa kitambulisho cha mtumbwi, chenye rangi yake, ili kiwandani ikikataliwa ijulikane ni ya nani na wengine wasikatwe. Ufuatiliaji wa chakula kutoka kilipotoka hadi kinakoliwa ni takwa la sheria ya Ulaya kwa miaka mingi sasa, ile ya 2002 namba 178. Kwa hiyo kiwanda chenyewe kinakihitaji kitambulisho hicho. Mvuvi naye amegundua kinamlinda. Wiki za mwanzo waliojiunga walikuwa wachache, wote wenye boti zao wenyewe. Vibarua wanaovua kwa mgao na tajiri bado wako nje, kwa sababu nyongeza ya bei inaingia kwa tajiri, na anayebeba barafu mgongoni ni kibarua.

Kikao kilichopita tulibishana hadi jua likazama juu ya jambo moja. Mtumbwi ukirudi mtupu, na ziwa siku hizi linarudisha mitumbwi mitupu mara nyingi, barafu iliyoyeyuka inalipwa na nani? Wavuvi wanataka wakala achangie nusu. Wakala anasema yuko tayari ikiwa kiwanda nacho kitaingiza mkono. Barua ya kwenda kiwandani imeandikwa na katibu wa BMU kwa mkono wake, nimeisoma, iko sawa na ina hesabu zote za msimu. Tunangoja jibu. Kama unafanya kazi kwenye mojawapo ya miradi hii na unasoma hapa, njoo mwaloni wakati wa mizani, asubuhi, uione hiyo hesabu kabla hujaandika bajeti yako.